Jaribio la Asch halikusema binadamu ni kondoo

Ukishikilia lako mbele ya kundi, hukosi mtu wa kukutajia jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch: eti lilithibitisha kuwa mtu hawezi kutulia mpaka wenzake wakubaliane naye. Silo lilivyoonyesha.

Marekani, miaka ya 1950, wanafunzi wa chuo walionyeshwa kadi mbili. Moja ina mstari mmoja, nyingine mitatu. Taja unaolingana nao. Kazi ya mtoto. Ila wote chumbani walishapangwa kujibu kombo kwa sauti moja, isipokuwa mmoja asiyejua lolote, aliyejibu karibu na mwisho.

Kwenye raundi za hila, yaani zile ambazo kundi lilijibu kombo, majibu yaliyofuata kundi yalikuwa kama 37 kwa mia. Yaani karibu theluthi mbili yalikuwa sahihi, na takriban robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja. (Kujisikia vibaya, walijisikia, hilo halikanushwi.)

Lililo tamu zaidi husahaulika. Huhitaji ukoo mzima ukuunge mkono: Asch alipoweka mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata kundi kulishuka hadi kama 5 kwa mia. Hata mpinzani aliyekosea kwa namna yake mwenyewe alilipunguzia kundi nguvu.