Je, wajua kwa nini ndege haielei tu juu ya Dar ikaisubiri Dodoma?

Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye latitudo ya Dodoma ardhi husogea kwa takribani kilomita 1,660 kwa saa. Hapo ndipo inapozaliwa hoja inayopendwa sana vijiweni: ndege ikitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, yaani magharibi, si inakutana na Dodoma njiani? Basi kwenda kungekuwa kufupi kuliko kurudi.

Ukiifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, ina vituko vyake. Kwa mstari ulionyooka miji hii imeachana kilomita 390 hivi. Rubani angepaa juu ya Dar, akatulia palepale, na baada ya dakika 14 Dodoma ingefika chini yake. Balaa ni kurudi: hata ndege ya kilomita 900 kwa saa isingeifikia Dar kamwe, maana Dar ingekuwa inaikimbia kwa kasi karibu maradufu. Ratiba hazina habari na hayo. Kwenda ni saa moja hivi, kurudi ni saa moja hivi.

Sababu yake unaweza kuijaribu ndani ya treni ya SGR, kwa punje moja ya zabibu. Treni ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa, irushe juu kidogo. Katika nusu sekunde ambayo zabibu iko hewani, treni imeshasogea mita 22, karibu urefu wa behewa zima. Hata hivyo zabibu inakurudia mkononi, haimpigi abiria wa nyuma. Kabla hujaiachia ilikuwa tayari inakwenda kwa kasi ya treni, na kuiachia hakukuipokonya kasi hiyo. Hewa ya humo ndani nayo inasafiri na treni, kwa hiyo hakuna cha kuirudisha nyuma. Ukirushia juu ya paa mambo yatakuwa mengine, na si kwa zabibu peke yake. Ndege iliyoegeshwa uwanjani ndiyo hiyo zabibu, na angahewa ndiyo hewa ya behewa.

Kwenye safari ndefu tofauti ipo kweli, ila upande wake ni kinyume cha hoja ya kijiweni. New York hadi London, kilomita 5,500 na ushei, ni kama saa 7. Kurudi magharibi ni karibu saa 8. Kazi hiyo hufanywa na mikondo ya upepo mkali unaovuma kutoka magharibi, kilomita 9 hadi 12 juu, mbali na ikweta. Februari 2020 Boeing 747 ya British Airways ilisukumwa na upepo wa dhoruba Ciara, ikamaliza njia hiyo kwa saa 4 na dakika 56. Kwa kipimo cha ardhini ilizidi kilomita 1,300 kwa saa, lakini kasi ya sauti haikuivuka: ndani ya hewa iliyoibeba, ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kawaida.

Mzunguko wa dunia nao una mkono wake humo. Hewa ya joto ya tropiki inapoelekea kwenye ncha za dunia, ndio unaoipinda ivume kwenda mashariki. Kwa hiyo abiria wa magharibi kweli anaguswa na mzunguko huo: unamchelewesha.