Kibandiko cha QR hakibebi ghorofa

Juzi mteja kanisogezea simu usoni: "Injinia, boriti hizi za chuma zilizotoka jengo la zamani zina pasipoti kwenye mfumo, tufunge tu." Pasipoti anayoisema ni rekodi ya kidijitali ya kifaa cha ujenzi, unaifungua kwa kibandiko cha QR. Ni wa nne tangu Januari, na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Basi madai yenu nayajibu yote hapa.

"Ikiwa na pasipoti ya kidijitali, imeshathibitishwa." Hapana! Mfumo kama Madaster, ulioanza Uholanzi mwaka 2017, ni daftari. Unatunza vipimo, uzito na mahali kitu kilipofungwa, haupimi chuma. Humo kuna kile tu mtu alichojaza, pengine akinakili mchoro ambao fundi hakuufuata. Boriti za mteja huyu zilisomeka S355, yaani daraja la nguvu ya chuma, na unene wa bapa la chini milimita 10. Nikakwangua rangi, nikaweka kalipa, kile kipimio cha unene: 8.7. Hewa ya bahari imeshakula chake. Pembeni kulikuwa na matundu mawili ya bolti ambayo mfumo haukuwa na habari nayo.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2019 wa kutumia tena chuma cha majengo hautaki mchezo: cha kabla ya 1970 hakimo (kilikuja kuwekewa nyongeza yake 2023), kilichopita kwenye moto hakimo, cha daraja hakimo. Kinachobaki hupimwa ugumu boriti kwa boriti, na kila kundi hukatwa kipande kikavutwe maabara mpaka kikatike. Pasipoti husaidia kupanga makundi hayo bila kubahatisha. Kazi yake hapo ni kubwa, ila inaishia hapo.

"Mfumo ni wa majengo mapya." La zamani nalo huingizwa, likikaguliwa kabla ya kubomolewa. Shida ni kwamba mnaniita kukagua wakati katapila la kubomoa limeshawashwa.

"Modeli ya jengo ikiwepo kwenye kompyuta, kila kitu kitafunguka." Mahakama ya muda ya Amsterdam, iliyojengwa 2016, ilifunguliwa vipande ikaenda kusimamishwa Enschede, mji mwingine wa Uholanzi, kwa sababu viungo vyake vilibuniwa vifunguke. Nyie mnachomelea kila kiungo, kisha mnadai pasipoti. Fungeni kwa bolti, jamani. Na kuta za ndani jengeni kwa chokaa, kama wazee wa Pwani: inabanduka kwa nyundo ndogo. Saruji huondoka na nusu ya tofali.

"Chuma cha zamani ni bei rahisi." Kukifungua, kukisafisha na kukilipia ghala ndiko kunakomaliza hela.

Yule mteja, baada ya kuiona kalipa, aliuliza kama ile 8.7 nisingeweza kuijaza 10.