Hukumu ya talaka haigawi 401(k)

"Hakimu ameshasema nusu ni yangu, kwa hiyo pesa zipo." Kila msimu wa kodi naisikia kauli hii, na anayeitoa mara nyingi ameshaumia. Hukumu ya talaka inawabana waliokuwa mume na mke. Msimamizi wa mpango wa kustaafu wa kazini, kama 401(k), haimbani. Tangu sheria ya mwaka 1984, mpango wa mwajiri binafsi hapa Marekani haumlipi mtalaka wa mfanyakazi mpaka upokee amri maalumu ya mahakama, yaani QDRO, na kuikubali.

Anayeniumiza roho ni yule anayetaka yaishe upesi. Ana miaka 45, ameacha kazi, anatoa dola 50,000 kwenye 401(k) yake ampe mtalaka wake kama hukumu ilivyosema. Mpango unazuia 20% ya kodi palepale, anashika 40,000, na mtalaka bado anamdai 10,000. Akijaza ritani ya kodi, 50,000 zote ni mapato yake yeye, pamoja na adhabu ya 10% kwa kuwa hajafikisha miaka 59 na nusu: dola 5,000 nyingine. Aliyepokea hadaiwi kodi hata senti. Kwa QDRO, kodi ingemfuata mtalaka aliyepokea, na adhabu isingekuwepo kabisa. Kuwaambia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, "hakimu ndiye aliyeniamuru nilipe" hakusaidii kitu.

Nawe uliyepewa fungu lako kwa QDRO, ukihitaji pesa za matumizi zichukue kwenye mpango wenyewe, kabla hujahamishia IRA, yaani akaunti binafsi ya kustaafu. Zikishaingia IRA, ule msamaha wa adhabu umekwisha. Nawasihi watu jambo hili kila mwaka.

IRA yenyewe haihitaji QDRO. Huhamishwa akaunti kwa akaunti kwa mujibu wa hukumu ya talaka. Ukitoa pesa kisha ukaandika hundi, kodi ni yako.

"Talaka imeshamfuta mtalaka wangu kwenye urithi." Si kwenye mpango wa mwajiri. Katika kesi ya Kennedy na mpango wa kampuni ya DuPont, mke aliachia haki yake kwenye talaka ya 1994, mume hakubadili fomu ya mrithi, akafariki 2001. Mtalaka akalipwa takriban dola 400,000, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikasema mpango ulifanya sawa. Badilisheni fomu!

"Wakili wangu ameshashughulikia." Soma mkataba wake, mara nyingi kuandika QDRO hakumo, hulipiwa mbali. Hapo ndipo ugomvi wa ada huanzia, na amri inalala miezi huku mwenye akaunti anaweza kufa au kuoa tena. Ugomvi upeleke kwenye usuluhishi wa ada, ambao vyama vya mawakili vya majimbo mengi vinao. Ukimwachisha wakili, malipo ya awali ambayo hajayafanyia kazi lazima ayarudishe. Ada ya talaka yenyewe haipunguzi kodi yako. Na wakili mpya muulize kwanza: msimamizi wa mpango ameikubali amri kwa maandishi?