Ishara 53 za ziada chini ya Gran Sasso

Kila linapotoka tangazo kwamba kigunduzi cha maada ya giza, ile maada isiyoonekana inayodhaniwa kujaza galaksi, kimeona kitu kisichotarajiwa, wanafunzi wa fizikia hapa Mbeya huniuliza kwa nini wahusika hawashangilii. Kazi yangu ni kupima mionzi kwenye udongo na mawe, na jibu langu huanzia hapo, maana kinachowasumbua wale ndicho ninachokishika kila siku.

Chukua udongo wa Panda Hill, kile kilima chenye niobi. Naukausha, nausaga, naujaza kwenye kopo na kulifunga kabisa, halafu nauacha karibu mwezi mzima kabla ya kuupima. Sababu ni radoni, gesi inayozaliwa katika mnyororo wa urani, haina rangi wala harufu, na hupenya hata kwenye ufa usioonekana. Kopo likivuja, radoni inatoroka na hesabu ya urani inapungua. Lisipovuja, radoni na mazao yake hufikia msawazo na urani, na kilele cha bismuthi, mojawapo ya mazao hayo, kinasimama wima kwenye skrini penye kiloelektronivolti 609, kipimo cha nishati ya mionzi. Mimi nairidhia radoni hiyo. Wenzangu wa maada ya giza wanaikimbia kwa kuwa mionzi yake huleta ishara za uongo, nayo inawafuata mpaka chini ya ardhi, kwa sababu inatoka kwenye mwamba na hata kwenye chuma cha mtambo wenyewe.

Mbona basi wanajichimbia chini? Ni kwa ajili ya kukwepa myuoni, chembe zinazotoka angani ambazo nazo huleta ishara za uongo. Usawa wa bahari, karibu moja hupita kila sentimita ya mraba kwa dakika, na kwenye miinuko kama yetu huzidi. Maabara ya Gran Sasso, Italia, ina mwamba wa mita 1,400 juu yake, na myuoni hupungua takriban mara milioni. Hata kilele cha Loleza hakifikii kimo hicho juu ya mji wa Mbeya.

Huko ndiko kigunduzi cha XENON1T kilikokuwa na tani 3.2 za zenoni, gesi adimu iliyopozwa ikawa kimiminika. Juni 2020 watafiti walitangaza kwamba kati ya kiloelektronivolti 1 na 7 walitarajia matukio 232 hivi kutokana na mionzi ya kawaida, wakapata 285. Wengi walikimbilia aksioni za jua, chembe za kinadharia ambazo huenda zinatoka kwenye Jua. Mimi nilivutiwa na maelezo mengine yaliyokuwa kwenye ripoti hiyohiyo: tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 12.3. Atomu zisizofika tatu kwa kila kilo ya zenoni zingetosha kuleta ziada ile yote. Kiasi hicho hakuna chombo cha kukipima moja kwa moja, kwa hiyo hawakuweza kukithibitisha wala kukikanusha.

Walichofanya baadaye nakipenda mno. Walijenga XENONnT, mtambo mkubwa na safi zaidi, wenye kelele, yaani ishara za uongo, pungufu karibu mara tano. Kisha kwa muda wakaacha makusudi kupitisha zenoni kwenye kisafishio kinachoondoa hidrojeni, ili kama tritiamu ipo, iongezeke na kujionyesha. Haikujionyesha. Julai 2022 wakatangaza kwamba ziada yenyewe imetoweka, na aksioni za jua zikakosa msingi ule. Tritiamu kidogo kwenye mtambo wa kwanza ndiyo inayobaki kuwa maelezo yanayoingia akilini.

Jaribio la DAMA/LIBRA, nalo la kutafuta maada ya giza huko Gran Sasso, ni kesi ngumu zaidi. Kwa zaidi ya miaka 20 fuwele zake za iodidi ya sodiamu zimeonyesha matukio yanayopanda kila mwaka mwanzoni mwa Juni, wakati ambapo mwendo wa Dunia na ule wa Jua katika galaksi huelekea pamoja, na maada ya giza ingetarajiwa kugonga zaidi. Lakini misimu hubadilisha mengi, joto, radoni na hata myuoni. Majaribio ya ANAIS ya Hispania na COSINE ya Korea Kusini yametumia fuwele za aina ileile bila kuona mzunguko huo. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko wingi wa miaka ya DAMA.

Na sasa kuna kelele ambayo usafi hauiondoi. Mwaka 2024 XENONnT na kigunduzi cha PandaX-4T cha China zilitoa dalili za kwanza za nyutrino, chembe zinazopenya karibu kila kitu, zitokazo kwenye boroni-8 ndani ya Jua, zikigonga viini vya zenoni. Mgongano huo hufanana sana na ule unaotarajiwa kwa chembe nyepesi ya maada ya giza, na nyutrino hupita mita 1,400 za mwamba bila kupungua.