Kufufua MGB nyumbani: dhana potofu na ukweli

Gari la michezo aina ya MGB liliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na idadi ya yaliyoundwa ilipita nusu milioni. Wingi huo, pamoja na urahisi wa muundo wake, umelifanya kuwa gari ambalo mtu asiye fundi kwa taaluma huanza nalo anapotamani kufufua gari la zamani katika gereji ya nyumbani. Ndilo pia gari ambalo watu wengi hulinunua kwa matumaini yasiyo na msingi, kisha likakaa miaka mingi juu ya matofali huku vipande vyake vikiwa vimetapakaa kwenye maboksi. Ninaandika haya kwa sababu ninaamini kwamba mengi ya magari hayo yangeweza kuokolewa, na kwamba fedha zilizopotea juu yake zilipotea kabla spana ya kwanza haijashikwa, yaani siku ya kununua.

Dhana: Injini ikiwaka vizuri, gari ni zima

Hii ndiyo dhana iliyoharibu kazi nyingi kuliko nyingine zote. Mnunuzi hufika, hufungua boneti, husikiliza mngurumo, hutazama moshi wa ekzosi, kisha huanza kujadili bei. Injini ya MGB, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, ni ya chuma cha kalibu, haina ufundi wa kutatanisha, na inafahamika kwa mafundi wa nchi nyingi. Hata ikiwa imechoka, gharama ya kuifanyia ovahoo inaweza kukadiriwa mapema: karakana yenye mashine itachonga silinda na kusugua kranki, na kazi iliyobaki mtu mwenye subira na kitabu cha maelekezo anaweza kuifanya mwenyewe. Geji ya shinikizo la oili nayo husema mengi: injini ikiwa na joto na gari likiwa mwendoni, shinikizo linapaswa kuwa kati ya paundi 50 na 80 kwa inchi ya mraba.

Bodi ni jambo jingine kabisa. MGB haina chasisi ya peke yake. Nguvu yote ya gari imo katika mabati yaliyounganishwa ya bodi yenyewe, na katika gari lisilo na paa la chuma, sehemu kubwa ya nguvu hiyo imo katika mihimili miwili ya chini ya milango. Kila mhimili umeundwa kwa tabaka kadhaa: bati la ndani, bati la katikati lililosimama wima, bati la nje linaloonekana, na chini yake kipande kinachounganisha mhimili na sakafu. Mhimili huo hauishii pale mlango unapoishia. Mbele hupita nyuma ya fenda, na upande wa nyuma huingia chini ya fenda ya nyuma. Tope linalorushwa na gurudumu la mbele hujikusanya ndani ya fenda, hushika unyevu pamoja na chumvi, na kutu huanza mahali ambapo hakuna anayeona. Uingereza chumvi hiyo humwagwa barabarani wakati wa majira ya baridi. Anayeishi Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa jinsi chumvi ya hewa ya bahari inavyokula bati bila kumwagwa na mtu.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie chini. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye mihimili, pembe za chini za fenda na matao ya magurudumu; pale inapolegea, kuna puti nene (dongo la kujazia mashimo) chini ya rangi. (Boneti ya magari ya miaka ya 1960 ilikuwa ya alumini, hivyo sumaku kutoishika si dalili ya ubovu.) Tazama nafasi iliyo kati ya mlango na bodi: ikiwa imebana juu na kuachana chini, gari limeanza kulala katikati. Kisha muombe mwenye gari aliinue kwa jeki upande mmoja, ufungue mlango na kuufunga. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri gari likiwa chini, ukigoma gari likiwa limeinuliwa, unakuambia kwamba mihimili haina nguvu, hata kama rangi inang'aa. Usisahau kuinua zulia nyuma ya viti na kutazama visanduku vya betri vinavyoning'inia chini ya sakafu, kwa kuwa tindikali na maji ya barabara huvila kutoka ndani na nje.

Lipo pia bati la kufunika, ambalo ninaliona kuwa ni udanganyifu hata pale linapouzwa waziwazi madukani. Hilo ni bati jipya linalochomelewa juu ya mhimili uliooza, likapakwa rangi, na gari likapata sura ya uzima. Ndani yake uozo unaendelea, na gari halina nguvu iliyokusudiwa na waliolibuni. Ukarabati wa kweli humtaka fundi afungue fenda ya mbele, ambayo imefungwa kwa bolti, akate sehemu ya chini ya fenda ya nyuma, ambayo imechomelewa, ndipo auondoe mhimili wote na kuujenga upya tabaka kwa tabaka. Kabla ya kukata chochote, uwazi wa mlango hufungwa kwa nondo au bomba la chuma kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya komeo, gari husimamishwa likiwa sawa pande zote, na kazi hufanywa upande mmoja kwa wakati mmoja huku mlango ukijaribiwa mara kwa mara. Anayekata pande zote mbili bila kufunga nondo huishia na bodi iliyopinda, na bodi iliyopinda haitapokea milango tena. Ni kazi inayoweza kufanyika nyumbani kwa mashine ya kuchomelea ya MIG, yaani ya umeme inayojilisha waya, lakini isiwe kazi ya kwanza ya mtu katika kuchomelea. Jizoeze kwanza kwenye vipande vya bati chakavu vya unene uleule mpaka mshono uwe imara bila kutoboa.

Usalama katika hatua hii haujadiliwi. Betri iondolewe, zulia na sponji za viti zitolewe, kizimamoto kiwe karibu, na tangi la petroli litolewe kabisa na kuwekwa mbali. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Wala asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi imara za chuma ni ununuzi wa kwanza, kabla ya spea yoyote.

Dhana: Gari la bei ya chini ndilo linalomfaa anayejifunza

Hoja hii husikika kuwa ya busara, lakini hesabu yake ni mbovu. Gari bovu na gari zuri huhitaji aina ileile ya bati, rangi na kazi, isipokuwa bovu huvihitaji kwa wingi zaidi. Tofauti ya bei kati ya gari lililooza na gari lenye bodi nzima karibu kila mara huwa ndogo kuliko gharama ya kuliondoa kwenye uozo. Ushauri wangu kwa anayejifunza ni kununua gari lenye bodi bora analoweza kulimudu, hata kama injini yake haiwaki, viti vimechanika na taa hazifanyi kazi, kwa sababu hayo yote yanafunguliwa kwa spana na bisibisi.

MGB nyingi ziliuzwa Marekani, na baadhi yake zimerejeshwa Uingereza kutoka majimbo makavu kama California na Arizona. Bodi za magari hayo mara nyingi ni nzima ajabu. Mnunuzi ajue tu kwamba usukani uko kushoto, kwamba jua limekausha raba, dashibodi na viti, na kwamba magari ya Marekani ya kuanzia mwaka 1975 yalikuja na kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) moja ya Zenith-Stromberg badala ya mbili za aina ya SU.

Dhana: Spea zake hazipatikani tena

Si kweli. Tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikiunda hata bodi nzima mpya za MGB kwa kutumia vifaa vya kiwanda vya asili, na sehemu nyingi za injini, breki na ndani ya gari huagizwa kwa urahisi kuliko za magari mengi yaliyo mapya zaidi. Tatizo lililopo ni ubora: baadhi ya raba na sehemu za umeme zinazoundwa sasa hazidumu. Kwa hiyo sehemu ya asili inayoweza kusafishwa na kurekebishwa isitupwe kwa haraka.

Dhana: Hatua ya kwanza ni kulifungua gari lote

Shauku ya wiki za mwanzo humfanya mtu afungue kila nati, na akijiona amefanya kazi kubwa, hukabiliwa na mamia ya vipande asivyovikumbuka. Magari mengi yanayouzwa yakiwa kwenye maboksi yalifikia hapo kwa njia hii. Heri kugawa kazi: breki zikamilike, kisha mfumo wa magurudumu ya mbele, kisha upande mmoja wa bodi, na kila kinachofunguliwa kipigwe picha, kifungwe katika mfuko wenye maandishi, na bolti zirudishwe katika matundu yake. Gari linaloweza kusukumwa na kugeuzwa ndani ya gereji lina nafasi kubwa ya kukamilika kuliko lililolala sakafuni bila magurudumu.

Dhana: Umeme wa magari ya Kiingereza haurekebishiki

Lawama kwa vifaa vya Lucas, kampuni iliyounda vifaa vya umeme vya magari ya Kiingereza, zimekuwa nyingi kiasi kwamba watu hubadilisha waya zote kabla ya kupima chochote. Mfumo wenyewe ni mwepesi na umepangwa kwa rangi zinazoeleweka: waya wa kahawia huwa na umeme wakati wote, mweupe hupata umeme ufunguo unapowashwa, wa kijani hupita kwenye fyuzi baada ya swichi hiyo, na mweusi hurudisha umeme kwenye bodi. Matatizo mengi hutokana na huo mweusi, kwa kuwa mahali unapofungwa pana rangi au kutu. Kusugua viungo hivyo mpaka chuma king'ae, kisha kuvipaka grisi, huponya taa nyingi zilizokuwa zikidhaniwa kuwa mbovu.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Hadi mwaka 1967 MGB ilitumia ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, na umeme wake ulitoka kwa betri mbili za volti 6 zilizounganishwa kwa mfuatano. Anayefunga redio au mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi bila kuthibitisha hilo huviunguza papo hapo.

Dhana: Bila petroli yenye risasi injini itakufa

Madini ya risasi (ledi) katika petroli yalilinda viti vya valvu za ekzosi, yaani mahali valvu hizo zinapokalia zikifunga, na bila hiyo viti vya chuma laini huweza kulika taratibu, hasa gari likiendeshwa kwa kasi kubwa kwa muda mrefu. Dalili yake ni nafasi ya valvu kupungua kila inapopimwa. Nafasi inayotakiwa ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38, injini ikiwa baridi. Dawa ni kufunga viti vya chuma kigumu siku silinda hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Si lazima ifunguliwe kwa ajili hiyo peke yake.

Kinachostahili hofu zaidi ni ethanoli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini Uingereza huweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, nayo hulainisha na kupasua mipira ya zamani ya mafuta. Mpira uliopasuka juu ya ekzosi yenye joto ni moto unaosubiri, hivyo mipira yote ibadilishwe kwa aina inayohimili ethanoli kabla injini haijawashwa kwa mara ya kwanza. Kuhusu oili, nyepesi za kisasa hazifai. Injini hii inataka 20W-50 yenye zinki na fosforasi ya kutosha kulinda kamshafti na tapeti zake.

Dhana: Kabureta mbili za SU haziwezi kukaa sawa

Kabureta ya SU ina sehemu chache: pistoni inayoinuliwa na mvuto wa hewa, sindano iliyochongoka inayoshuka ndani ya jeti moja, na oili kidogo juu inayoizuia pistoni isiruke. Zikikataa kukaa sawa, sababu mara nyingi ni ekseli za sahani za hewa zilizolika na kuvuta hewa ya pembeni, au plagi, pointi na valvu ambazo hazikurekebishwa kwanza. Ekseli mpya, na kipande cha bomba la mpira sikioni cha kusikiliza kama mvumo wa hewa ni sawa pande zote mbili, hutosha kabisa.

Dhana: Likikamilika litauzwa kwa faida

Kwa MGB, mara nyingi halitauzwa hata kwa gharama ya spea na rangi, achilia mbali saa za kazi. Anayetafuta gari la kuendesha tu hupata thamani bora akinunua lililokwisha kufufuliwa na mtu mwingine, lenye picha za kila hatua. Anayependa kazi yenyewe ndiye anayefaa kuifanya.

Dhana: Gari lisilotakiwa kukaguliwa halihitaji matunzo

Nchini Uingereza, tangu Mei 2018, gari lenye zaidi ya miaka 40 ambalo halikubadilishwa sana halihitaji ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, lakini sheria bado inamtaka mwenye gari ahakikishe liko salama barabarani. Ninashauri likaguliwe hata hivyo, na fundi asiyelijua, kwa kuwa aliyelijenga huona alichokusudia badala ya kilichopo. Kingipini za mbele, yaani pini ambazo magurudumu hugeukia, zipigwe grisi kila maili 3,000, nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya mihimili kabla ya msimu wa mvua au wa baridi, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutembea, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa na kuozesha silinda za magurudumu kutoka ndani.