Je, Wajua Kwa Nini Ndege Ndogo Hukataa Sanduku Jepesi na Kupokea Begi Zito?

Sanduku lilikuwa la plastiki ngumu, la kijivu, lenye magurudumu manne. Mizani pale uwanja wa ndege wa Mwanza ilisoma kilo 14, na kikomo tulichopewa kilikuwa 15. Mwenye sanduku alikuwa mgeni anayekwenda kuwinda Moyowosi, pori la akiba lililoko mkoani Kigoma, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mizigo ya kambi inapanda ndege ikiwa kamili. Rubani alilinyanyua lile sanduku, akazunguka nalo upande wa pili wa ndege, akarudi nalo. "Hili haliendi." Kisha akachukua begi la turubai la mgeni wa pili, lililosoma kilo 17, akalisukuma ndani bila neno.

"Kepteni," nikamwambia, "kilo ni kilo."

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na nilikuwa nalo kwa misimu kadhaa. Niliamini kwamba ndege ndogo ina shida moja tu, uzito: jumlisha kila kitu, ukiwa chini ya kikomo unaruka, ukizidi unapunguza. Masharti mengine yote niliyahesabu kuwa usumbufu. Begi liwe laini? Nilidhani ni kulinda rangi ya ndege. Abiria apimwe kwenye mizani kama gunia? Nilidhani ni kutafuta sababu ya kumtoza zaidi. Rubani akupangie kiti? Nilidhani anampa kiti cha mbele anayempenda. Nilikuwa nikiwaeleza wageni hivyo hivyo, kwa uhakika kabisa, nao wakaamini kwa sababu mimi ndiye mwenyeji.

Imani hiyo ni rahisi kuipata kwa mtu wa Mwanza. Ukienda Mwaloni Kirumba kununua dagaa, kilo ni kilo kweli. Uiweke katikati ya sahani ya mizani au pembeni, bei haibadiliki. Ukipakia fuso, dereva ataangalia springi zimekaaje, lakini gunia moja likisogea hatua mbili nyuma halitaizuia gari kufika Geita. Hata mtumbwi ukilemewa nyuma, mbele kutainuka, utaona, utasogeza magunia, na maji yataendelea kukubeba wakati unasogeza. Vyombo vyote tunavyopakia kila siku vinatusamehe, na ndivyo vinavyotufundisha vibaya.

Rubani hakubishana nami. Alichukua rula ya mbao kutoka kwenye faili lake, akailaza juu ya kalamu kwenye boneti ya gari letu, akaniomba sarafu. Nilikuwa nazo nne za shilingi 200. Tatu akazibebanisha upande mmoja, sentimita nne kutoka kwenye kalamu. Moja akaiweka upande wa pili, sentimita 12 kutoka kwenye kalamu. Rula ikatulia, sawasawa. Sarafu moja ilikuwa imezibeba tatu.

"Haya, mdogo wangu," akasema, "kilo ni kilo?"

Ukitaka kuelewa kila sharti la ndege ndogo, anza na rula hiyo. Nguvu ya mzigo kuinamisha kitu haitokani na uzito peke yake. Inatokana na uzito mara umbali wake kutoka mahali pa kusawazishia. Begi la kilo 20 likikaa mita tatu nyuma ya sehemu hiyo, linavuta mkia chini sawa na mtu wa kilo 60 aliyekaa mita moja nyuma yake. Wazee waliobeba maji kwa mzega walilijua hili mabegani mwao: ndoo moja ikiwa nzito, husogezi maji, unasogeza bega.

Ndege yetu siku hiyo ilikuwa Cessna 208B Grand Caravan, injini moja na pangaboi moja puani, aina inayoonekana sana kwenye viwanja vya porini. Ina urefu wa karibu mita 13, na uzito wa juu inaoruhusiwa kuruka nao ni takriban kilo 3,970, ukijumlisha ndege yenyewe, mafuta, watu na mizigo. Katika urefu wote huo, kuna sehemu moja ambapo ungeweza kuining'iniza kwa kamba ikakaa bila kuinama mbele wala nyuma. Hicho ndicho kitovu cha uzito, na kila begi linaloingia hukisogeza kidogo. Ndege ikiwa imejaa, nafasi ambayo kitovu hicho kinaruhusiwa kusogea haifiki urefu wa rula ya shule. Mita 13 za ndege zinategemea sentimita chache.

Kwa nini nafasi iwe finyu hivyo? Hapa mfano wa rula hautoshi, kwa sababu ndege si kitu kilicholazwa mezani, ni kitu kinachopita hewani kwa kasi. Mfano ulioniingia ni mshale. Mshale una chuma mbele na manyoya nyuma. Uzito ukiwa mbele, upepo unayakamata manyoya na kuyavuta nyuma, na mshale unajinyoosha wenyewe kila unapoyumba. Sasa hamisha chuma uweke upande wa manyoya. Mshale huo ukiuachia utaanza kwenda, kisha utajigeuza njiani. Uzito haujaongezeka hata gramu moja. Umehama tu.

Ndege imepangwa kama mshale. Kitovu cha uzito hukaa mbele kidogo ya mahali ambapo mabawa huinulia, na yale mabawa madogo ya mkiani hukandamiza chini kidogo ili pua isizame. Upepo ukiipiga ndege ikainua pua, hujirudi yenyewe. Ukirundika mabegi nyuma, unaiondolea tabia hiyo. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, pua inataka kupanda, ndege inapoteza mwendo, na mabawa yakikosa mwendo wa kutosha huacha kubeba. Rubani atasukuma usukani ashushe pua, lakini mkia unaweza kuwa umeishiwa nguvu ya kumsaidia. Kulemea mbele nako kuna madhara yake: ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuinua pua, na kutua kunakuwa kugumu. Ila marubani wengi watakwambia wanaogopa zaidi kulemea nyuma.

Basi turudi kwa sanduku la kijivu. Chini ya tumbo la Caravan nyingi kuna boksi refu la mizigo. Limegawanywa vyumba vinne kutoka mbele kwenda nyuma, kila kimoja kina mlango wake wa pembeni na kikomo chake cha uzito, na kimo cha ndani ni kama nusu mita. Rubani alitaka mzigo ule ukae vyumba vya mbele, kwa sababu nyuma kulikuwa tayari na vyakula vya kambi na pampu ya maji. Sanduku lilikataa kuingia. Tayari mle kulikuwa na kreti, na plastiki ngumu haijikunji. Mahali pekee pa kutosha palikuwa ndani, nyuma kabisa, mwisho wa rula. Begi la turubai lenye kilo 17 lilijibana mbele pembeni ya kreti kama unga kwenye mfuko. Kwa hiyo ulaini wa begi hauhusiani na rangi ya ndege. Ni uhuru wa rubani kuchagua mahali.

Zile kilo 15 nazo si kanuni ya fizikia. Kampuni nyingi za ndege za safari nchini hutumia kiwango hicho kwa abiria wanaonunua viti, lakini hutofautiana. Mkikodi ndege nzima, kama tulivyofanya sisi, kinachoangaliwa zaidi ni jumla na mpangilio. Ndiyo maana kilo 17 zilipita.

Na mizani ya abiria? Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege ya Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka, na watu wote 21 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi ulikuta mambo mawili yamekutana: waya wa kuendesha mkia ulikuwa umerekebishwa vibaya kwenye matengenezo, na mzigo ulikuwa umelemea nyuma kupita kikomo. Uzito wa abiria ulikuwa umekadiriwa kwa wastani wa zamani, na watu halisi walikuwa wazito kuliko wastani huo. Baada ya hapo Marekani ilipandisha viwango vyake. Kwenye ndege ya watu 200, mnene na mwembamba hufidiana. Kwenye ndege ya watu kumi hawafidiani, hivyo unapandishwa kwenye mizani na begi lako mkononi.

Kuna kisa kingine ambacho husimuliwa sana, nacho kinahitaji tahadhari. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ya L-410 ilianguka Bandundu, Kongo, na kati ya watu 21 alinusurika mmoja. Ilielezwa kwamba abiria alikuwa amemficha mamba mchanga kwenye begi, mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele, na ndege ikapoteza usawa. Kifizikia inawezekana kabisa: watu wazima kumi na kitu wakihama kwa pamoja ni zaidi ya tani moja imesogea mita kadhaa. Lakini simulizi yote imesimama juu ya maneno ya huyo mmoja aliyenusurika, kwa hiyo naisimulia kama simulizi.

Joto na mwinuko vinaongeza ugumu, nitavitaja kwa ufupi. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mchana wa nyuzi 30, ndege inayoruka Mwanza hujisikia kama iko karibu mita 1,800. Na porini hakuna sheli: mafuta ya kurudia lazima yatoke nayo, na lita 100 ni takriban kilo 80. Kila kilo unayoongeza inagombea nafasi na mafuta hayo.

Tulikaa chini na mgeni, tukafungua sanduku. Likiwa tupu lilikuwa karibu kilo nne, yaani zaidi ya robo ya mzigo wake ilikuwa ni chombo chenyewe. Nguo zilikuwa za siku kumi, wakati kambini nguo hufuliwa kila siku na seti tatu zinatosha. Suruali nyeusi na shati la bluu tuliviacha, kwa kuwa mbung'o hufuata rangi hizo. Koti lenye madoa ya kijeshi nalo likabaki, maana raia haruhusiwi hapa nchini kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo. Buti nzito akazivaa miguuni. Pawabenki na darubini zikaingia kwenye begi dogo la mkononi. Betri za aina hiyo hazitakiwi kwenye mizigo ya chini, kwa sababu zikishika moto hakuna wa kuzizima.

Risasi zina hesabu yake. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga huruhusu kilo tano kwa mtu, zikiwa zimefungwa vizuri. Boksi la risasi ni dogo lakini zito ajabu, na kwa rubani hilo ni zawadi: kilo tano zisizochukua nafasi kubwa anaweza kuziweka popote rula inapozihitaji. Bunduki ndiyo mzigo mgumu. Ni ndefu, haikunjiki, na kasha lake la chuma lina uzito wa kushangaza. Wapo wawindaji wanaobeba bunduki ya kufunguka vipande viwili kwa sababu hiyo tu.

Mwisho tulipata begi moja la turubai la kilo tisa na nusu. Rubani aliliingiza chumba cha kwanza, boksi la risasi akaliweka nyuma tu ya kiti chake, kisha akawapanga watu. Mwindaji bingwa wetu, mtu wa kilo zaidi ya 100, alikaa kando ya rubani. Mpishi mwembamba akaenda nyuma. Wakati wote wa kupakia kulikuwa na mhimili wa chuma umesimamishwa chini ya mkia, kwa sababu Caravan ikijazwa nyuma kabla ya mbele inaweza kukaa kitako palepale uwanjani. Kijana wa uwanjani akaangalia mara mbili, akauvuta ule mhimili. Mkia haukushuka.