Fundi wa Nje katika Biashara ya Bunduki za Kifahari za Uwindaji

Katika biashara ya bunduki za kifahari za uwindaji, kutoa kazi kwa fundi wa nje ni utaratibu ambao mwenye jina lililochorwa juu ya mtutu hatengenezi kila sehemu ya bunduki, bali huwakabidhi baadhi ya kazi mafundi wasio waajiriwa wake, wanaolipwa kwa kila kipande wanachokamilisha. Wapo wanunuzi wanaoudhania kuwa hila ya siku hizi ya kupunguza gharama, ilhali bunduki nyingi za Uingereza zilizosifika katika karne ya 19 zilitengenezwa hivyo hivyo.

Mjini Birmingham, mtaa mzima uliishi kwa kazi hiyo. Huyu alishughulika na mitutu tu, yule na vitako vya mbao ya mjozi, mwingine na nakshi, na kipande kilihama karakana hata karakana kabla ya kuitwa bunduki. Mitambo ya kufyatulia iliyotoka kwa Joseph Brazier wa Wolverhampton ilitumiwa hata na watengenezaji wakubwa wa London, nao hawakuona haya. Hata ubunifu ulinunuliwa nje: mtambo ambao bunduki za Purdey, kampuni ya London, zinajulikana kwao hadi leo ulibuniwa na Frederick Beesley, aliyekuwa na shughuli yake mwenyewe, na hataza yake ni ya mwaka 1880.

Kwa hiyo ni kosa kuuweka utaratibu huu upande mmoja na ustadi upande wa pili. Fundi aliyefanya kazi moja kwa miaka mingi alipata wepesi wa mkono ambao mtu wa kazi zote hawezi kuufikia kwa urahisi. Ili kuoanisha vipande viwili vya chuma, hupaka kimoja masizi ya taa, hukigusisha na chenzake, kisha hupiga tupa pale tu palipobaki alama nyeusi, akirudia tena na tena mpaka masizi yaenee sawasawa usoni. Kazi hiyo haina njia ya mkato, iwe inafanyika ndani ya kampuni au chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi.

Kinachobaki kwa mwenye jina ni kuchagua mafundi, kukagua, na kukataa kipande kisichofaa. Nadhani hilo la kukataa ndilo lililo gumu zaidi, maana linamgharimu fedha na muda. Lawama ya haki huanza pale jina linapowekwa juu ya kazi ambayo mwenyewe hakuikagua, au linapotumiwa kuficha asili ya bunduki. Hapo mnunuzi mjuzi hutazama alama za majaribio ya mitutu, yanayofanywa kisheria London na Birmingham. Alama hizo huthibitisha kwamba mtutu ulistahimili shinikizo la majaribio na hazisemi lolote kuhusu ufundi, lakini alama ya Birmingham chini ya jina na anwani ya London humpa sababu ya kuuliza bunduki ilitengenezwa wapi hasa.